Chuma cha Pembe Sita

Daudi, Mbulu
14 Juni 2025

Mwanangu Kornelia,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Norwei? Kazi ya gereji inaendaje? Sisi ni wazima. Mama yako mzima, bibi yako Marieta mzima ila magoti, ng'ombe wazima. Baridi tu ndiyo mwaka huu imekuja kwa hasira. Nakuandikia kwa kalamu kama kawaida yangu, mama yako ataipiga picha karatasi na kukutumia, maana kwenye simu sauti inakatika, na mimi nikikatishwa nasahau nilichotaka kusema.

Kuna jambo limetokea hapa uani na mpaka sasa mwili wangu haujatulia. Jana asubuhi, umande bado mweupe kwenye majani, mume wa Evaline jirani yetu alikuja anakimbia. Mkewe ameshikwa na uchungu kabla ya miezi kutimia. Tukambeba mpaka kwenye lori letu, lile nililolinunua kwenye mnada wa mashamba ya ngano kule Hanang. Nikawasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Nikaweka karai la mkaa chini yake kama ninavyofanya asubuhi za baridi. Nikawasha tena. Betri ikaanza kuchoka.

Kornelia, Evaline amejifungulia kwenye kiti cha mbele cha lori lililosimama. Mimi nimeshika usukani kama mjinga. Mama yako ndiye aliyempokea mtoto, na mtoto hakulia. Alikuwa wa bluu kama wino. Mama yako akampulizia mdomoni, akamsugua kwa kitenge, anamwambia, "Wewe, wewe, usitufanyie hivyo." Mume wa Evaline amegeukia ukuta. Ndipo kikatoka kilio kidogo kama cha paka. Jua lilipopanda injini ikawaka kama vile haikufanya kosa lolote, tukawakimbiza hospitali ya Haydom. Mama na mtoto wote wawili wapo hai.

Tangu hapo nikikaa kwenye lori lile namwona yule mtoto wa bluu. Plagi za kupasha moto fundi alishabadilisha zote, na bado. Sasa nakuuliza wewe unayeishi kwenye barafu. Magari ya huko yanawakaje?

Mama yako na bibi yako wanakusalimu.

Ni mimi Baba yako,
Modest Akonaay


Alta, Norwei
17 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Mama, shikamoo Bibi. Mimi sijambo, kazi nzuri, na wakati huu huku jua halizami kabisa, nalala na pazia zito dirishani.

Nimesoma barua yako nimesimama gerejini, nikakaa chini kwenye tairi. Kwanza mpe Evaline pole na hongera zangu. Mama nimpe nini?

Halafu Baba, karai la mkaa? Chini ya injini yenye dizeli na oili, na mama mjamzito amekaa juu yake? Nimesoma mara nyingi nikitumaini nimekosea. Tafadhali, karai hilo lirudi jikoni leo hii. Nimeona lori likiungua. Mtu hapati hata muda wa kufungua mlango.

Huku magari yana hita ya bloku. Ni kitu kidogo kama ile hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Kinaingia ubavuni mwa injini, kwenye tundu lenye kizibo, kinakaa ndani ya maji yanayozunguka injini. Jioni unachomeka waya kwenye umeme wa nyumbani, asubuhi unauchomoa kwanza, injini ni ya vuguvugu na inawaka mara moja. Umeme wetu na wa huku unalingana, kwa hiyo nitakununulia. Kuna mwanafunzi wa udaktari anakuja Haydom mwisho wa mwezi, atakubebea.

Kazi ngumu ni kile kizibo. Kwenye picha ya injini uliyowahi kunitumia naona si cha kupigwa kwa nyundo, ni cha kufungua kwa kuzungusha, na katikati kina tundu la pembe sita. Hapo inahitajika alenki, kile chuma cha pembe sita, lakini kubwa, nene kuliko kidole gumba chako. Ipate inayoingia barabara bila kucheza. Mwage maji yote kwanza. Upashe moto kidogo bloku kuzunguka kizibo kwa taa ya gesi, ukaze kidogo kwanza, ndipo ulegeze.

Na mtu yeyote asipige patasi pale. Bloku ni chuma cha kumimina, ukilipasua ndiyo mwisho wa lori.

Binti yako,
Kornelia


Daudi
3 Julai 2025

Mwanangu Kornelia,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Sisi hatujambo. Hita imefika, nzuri, imefungwa kwenye boksi kama dawa. Mtoto wa Evaline naye ametoka hospitali, anaitwa Agatha, jina la mama yako, na mama yako sasa hashikiki kwa furaha.

Chuma cha pembe sita ndicho kilichonishinda. Nimeuliza maduka yote ya spea Mbulu mjini. Kubwa waliyonayo inaingia kwenye tundu na kuzunguka peke yake kama kijiko kwenye kikombe. Nimekwenda Haydom, wauza vifaa wakanitolea boksi spana za kila aina, zote za kushika nati kwa nje, ya kuingia ndani ya tundu hamna. Fundi mmoja akakata kipande cha nondo akakichonga pembe kwa grenda. Kikapinda. Akachomelea nati mbili kwenye boliti. Zikakatika, na pembe moja ya tundu ikaanza kulika.

Kisha nikapata hofu nyingine. Nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mume wa Evaline chini ya lori na patasi na nyundo kubwa. Alitaka kunisaidia, maskini, kwa sababu ya mtoto. Ameshapiga pigo moja. Nilipiga yowe mpaka bibi yako akatoka nje na fimbo. Nimepapasa bloku lote kwa kidole, sijaona ufa.

Sasa fundi Kelvin wa Katesh ameniambia kwa simu, "Mzee, unahangaika bure madukani. Injini hiyo ni ya mashamba ya ngano, na vifaa vyake vilikuwa vya karakana ya mashamba. Nenda Basotu, ng'ambo ya ziwa. Kuna mzee wa Kibarbaig anaitwa Gidahosh. Amerudi miaka hii ya karibuni na ng'ombe wake kutoka Singida. Ana kisanduku cha vifaa vya zamani, hauzi, lakini anaazimisha." Mfugaji mwenye sanduku la spana, sijapata kusikia. Jumatatu nitapanda basi.

Baba yako,
Modest


Alta
5 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nashukuru hita imefika, na huyo Agatha mdogo mbusuni kwa ajili yangu. Patasi hiyo ifungieni kabatini. Ukimpata huyo mzee, mwombe aje mwenyewe kama anaweza, tundu likishalika pembe linahitaji mkono wa mtu aliyezoea. Nenda salama, na ukifika uniandikie, hata mstari mmoja.

Kornelia


Basotu
8 Julai 2025

Kornelia mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mimi mzima. Nadhani mzima. Mwandiko ukiwa mbaya unisamehe.

Baba yako mkubwa Patriki yupo hai.

Nimeuandika mstari huo nikaweka kalamu chini nikautazama. Nakuandikia nimekaa nyumbani kwake. Yuko pale nje anakamua ng'ombe, namwona mgongo.

Ilikuwa hivi. Nilishuka kwenye bodaboda mbele ya boma, akatoka msichana, anaitwa Jenifa. Nikamwambia namtafuta Mzee Gidahosh, nina shida ya spana. Akaingia ndani, akatoka na mzee amevaa shuka na kofia ya sufu, ana sanduku la chuma mkononi. Nikasema, "Shikamoo mzee. Mimi natoka Daudi, Mbulu. Naitwa Modest. Natafuta alenki kubwa ya injini ya lori."

Akaweka sanduku chini polepole. Akaniuliza kwa Kiiraqw, lugha yetu, "Modest wa Akonaay?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Mama bado yupo?"

Na mimi, Kornelia, nikamjibu, "Yupo." Nilijibu kama mtu aliyeulizwa na mpita njia. Ndipo nikamwangalia, nikakaa kwenye vumbi na samadi ya mbuzi. Msichana akaleta maji akidhani ni jua.

Wewe unamjua kwa picha tu, ile ya sebuleni. Alikuwa fundi wa karakana ya mashamba ya ngano kabla hujazaliwa. Lori la wafanyakazi lilipinduka kwenye mteremko likashika moto, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliopanda. Tuliletewa jeneza limepigiliwa misumari, tukaambiwa tusifungue. Mimi nilibeba upande wa kulia. Mimi, kwa bega hili.

Yeye anasema alishuka njiani, kabla ya mteremko. Kulikuwa na msichana wa Kibarbaig aliyempenda, ndiye mama yake Jenifa. Alishamwambia baba yetu, na baba akakataa. Nilikuwepo siku hiyo. Baba alisema, "Ukimwoa huyo, nitakuzika ungali hai." Basi akashuka, wakaondoka na ng'ombe wa wakwe kuelekea Singida, na wakwe ndio waliompa jina la Gidahosh. Huko njiani akakutana na mchuuzi wa mnadani aliyekuwa ametoka kwetu. Akamuuliza habari za nyumbani. Yule mchuuzi akamwambia, "Wewe? Wewe kwenu wamekuzika."

Hakuuliza zaidi. Alidhani baba ametimiza neno lake. Habari ya lori lililoungua hakuijua. Nimemwambia mimi, jana, kwa mdomo wangu. Alinitazama kama naongea lugha ya kigeni. Kisha akasema, "Kumbe mlinilia?" Nikasema tulikulia, na mama kila Novemba anatoa misa kwa ajili yako. Akafunika uso kwa shuka mpaka ng'ombe wanarudi.

Nifanye nini, mwanangu? Bibi yako ana miaka zaidi ya themanini na mitano. Nikimwambia ghafla nitamwua. Nisipomwambia nitakuwa mtu gani?

Jenifa ataipiga picha barua hii kwa simu yake akutumie. Chuma cha pembe sita kipo. Kinaingia barabara.

Baba yako,
Modest


Alta
9 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikapiga kelele, wenzangu wakaja kuangalia kama nimebanwa na mashine. Nawaambiaje? Nimewaambia, baba yangu amepata spana.

Baba, mimi nimekuwa fundi kwa sababu yake. Nilipokuwa mdogo nikifungua redio mlikuwa mnasema, huyu ana mikono ya Patriki. Siku nilipoondoka kwenda chuo nilisimama mbele ya ile picha nikamwambia maneno. Na muda wote huo alikuwa anakamua ng'ombe Basotu! Nimekasirika, nimefurahi, sielewi. Nimelia nikiwa na grisi mikononi, sasa macho yananiwasha.

Kuhusu Bibi: mwambieni, lakini mkiwa wengi, na awepo katekista. Msimfiche. Ana haki kuliko sisi wote. Baba mkubwa aje kwanza kama fundi, afanye kazi ya hita, Bibi azoee kuona mtu mgeni uani, kisha jioni mkae naye mumwambie taratibu.

Lakini kuna swali limenishika tangu asubuhi na nywele zinanisimama. Kama yeye yuko hai, Baba, ni nani yuko kwenye kaburi letu?

Binti yako,
Kornelia


Alta
16 Julai 2025

Baba, shikamoo. Sijapata neno. Simu ya Mama haipatikani. Bibi mzima? Nijibuni hata kwa mstari mmoja, sili wala silali.

Kornelia


Daudi
19 Julai 2025

Mwanangu Kornelia,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa kukutia hofu. Nguzo ya umeme ilianguka, simu zote zikazima. Bibi yako ni mzima. Sisi sote ni wazima, na tupo wengi kuliko tulivyokuwa.

Nikueleze yote kama yalivyokuwa, maana hakuna lililokwenda kama ulivyotupangia.

Patriki alikuja Jumamosi iliyopita na Jenifa. Nilimwambia mama yangu kuna fundi kutoka Basotu. Mama akasema vizuri, apewe chai. Alikuwa amekaa kwenye kigoda juani, mgongo kwetu, anachambua maharage. Macho yake unayajua, mtu wa mbali anamwona kama kivuli. Patriki hakumsogelea. Aliingia chini ya lori haraka kama mwizi.

Tulimwaga maji, tukapasha moto, tukakaza kidogo kama ulivyosema. Nikavalisha bomba refu kwenye mkono wa kile chuma ili nipate nguvu, yeye akashikilia kichwa kisitoke kwenye tundu. Kizibo kikalia, kikaachia. Na kumbe maji hayakuwa yameisha, Kornelia. Yalikuwa yamebaki nyuma ya kutu. Yakatoka yote kwa nguvu, mekundu, yakampiga usoni. Akasahau kila kitu, akapiga kelele kwa Kiiraqw, "Modest! Shika hapo, usiachie!"

Maharage yalimwagika. Nilisikia sauti ya ungo kabla sijageuka.

Mama alikuwa amesimama. Bila fimbo. Akasema, "Modest, umemleta nani nyumbani kwangu?"

Mama yako alitoka jikoni akamshika mkono, bibi yako akaukung'uta.

"Nauliza nani yuko chini ya gari."

Maji tu yanatiririka. Kisha akasema kwa sauti ile ya kumwita mtoto aliyepanda juu ya ghala, "Patriki. Toka huko chini."

Akatoka kwa magoti, amelowa, kutu usoni kama damu. Mama akamsogelea mpaka pua zikakaribiana. Akachukua ncha ya blanketi lake akamfuta paji, macho, mashavu, taratibu, kama anafuta sahani. Alipomaliza kumfuta akampiga kofi. Kofi la kweli, Kornelia, lilisikika mpaka kwa Evaline. Ndipo akamkumbatia, wakaenda chini wote wawili kwenye matope. Mimi nilikuwa nimesimama na bomba mkononi, siwezi kuliweka chini, sijui kwa nini.

Walipotulia Patriki akamweleza. Habari ya baba, na neno lile la kumzika, na yule mchuuzi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba yako alisema kwa hasira neno ambalo wanaume husema. Lakini hakukuzika kwa hasira. Alikuzika akilia. Baada ya hapo hakupandisha sauti tena kwa mtu humu ndani, mpaka anakufa." Patriki alikuwa hajajua hata kwamba baba amefariki mpaka nilipomwambia mimi.

Mama hakuuliza habari ya kaburi siku ile. Nikafikiri hajawaza, nikashukuru.

Hita tuliifunga Jumapili baada ya misa. Patriki alisafisha tundu, akaikaza kwa mkono wake, tukajaza maji, tukasubiri kuona kama ile patasi ilipasua bloku. Haikuvuja hata tone. Mafundi wa umeme walikuwa wanasimika nguzo, mpaka Alhamisi ndipo umeme ukarudi, tukachomeka waya jioni. Ijumaa asubuhi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nilichomoa waya kwanza kama ulivyoandika, nikapanda. Nikaogopa kugusa ufunguo. Patriki akasema, "Washa, unangoja nini?" Nikawasha. Haikuzunguka hata mara mbili. Iliwaka, ikanguruma, na Evaline alitoka kwake na mtoto mgongoni akasimama njiani anatazama, mkono mdomoni.

Mama naye akatoka amevaa nguo za kanisani. Akasema twende Basotu, anataka kumwona mkwe wake aliyenyimwa. Mimi nikasema, "Mama, ni mbali, na barabara ni mbaya." Akanijibu, "Nimeuliza barabara?" Tukampandisha mbele, kwenye kiti kile kile.

Lakini kabla ya kuondoka alinizuia mkono. Akasema nisimamishe kule juu, kwenye makaburi. Tulimshusha, akatembea katikati yetu wawili mpaka kwenye msalaba wenye jina la Patriki Akonaay. Patriki alipolisoma jina lake alirudi nyuma hatua, kama mtu aliyeona nyoka. Katekista alikuwa pale anafyeka nyasi, naye alishapata habari, maana Daudi nzima imepata. Akasema kwa upole, "Bibi, tumeongea na padri. Kama unataka, msalaba huu tuung'oe. Na ile misa ya Novemba tuifute kwenye daftari, maana sasa haina mtu."

Mama akamtazama. "Haina mtu? Humu ndani mlimweka nani, jiwe?"

Katekista akaweka fyekeo chini.

"Huyu nimemlilia mimi. Nimempalilia mimi. Mahali fulani yuko mwanamke mwenzangu anayeangalia njia mpaka leo, anasema mwanangu atarudi na basi la jioni. Hajui wa kumlilia. Basi misa itaendelea."

"Sawa, Bibi," katekista akasema. "Lakini tutasoma jina gani?"

Mama alifikiri. Injini ilikuwa inanguruma barabarani, sikuizima. Aliinama, akang'oa jani moja la mgagani lililoota kando ya msalaba, akakung'uta udongo.

"Someni, mtoto wa mwenzangu."

Baba yako,
Modest